Utani Kwenye Kizuizi cha Mbung'o

Tangu nistaafu, vijana wa idara huja nyumbani kwangu na baiskeli zao, hunywa uji, husifu migomba, halafu huniuliza nilipandaje cheo. Hilo wawaulize makarani. Kupanda cheo ni suala la kutokufa mapema na kutogombana na mwenye mhuri. Mimi nitawaandikia miaka yangu ya kwanza, pale kwenye kizuizi cha mbung'o magharibi ya Kaliua, na jinsi tulivyompoteza Bwana Kondo, Mzaramo aliyenifundisha kazi. Tulimpoteza mbele ya macho yetu, sisi ambao tulilishwa na kuvishwa ili tuutambue ugonjwa uliomchukua.

Kazi hii sikuitafuta. Kijiji chetu kilikuwa ndani ya miombo, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwenye reli, na baba yangu alikuwa mrina asali. Mimi nilikuwa naanza kuota ndevu. Nilikwisha kujua kubandua gome la mti bila kulipasua na kulishona likawa mzinga, na niliamini kwamba hayo ndiyo yatakuwa maisha yangu mpaka nife. Kisha malale yakaingia. Watu wakawa wanasinzia juu ya jembe. Amri ikaja kwamba vijiji vyote vya upande ule vihame, tukusanywe mahali pamoja kando ya barabara kuu, ile njia ya zamani ambayo babu zetu waliipita na mizigo kwenda pwani. Tukaezua mapaa yetu wenyewe, tukabeba milango na vinu. Msitu ukafungwa. Mizinga ya baba ikabaki juu ya miti pamoja na nyuki wake.

Makazi mapya yalikuwa yamepimwa kwa kamba, kila nyumba uso kwa uso na nyumba nyingine. Baba alikuwa mtu wa kutembea huku akitazama juu. Sasa alikaa mlangoni akitazama ukuta wa jirani. Mimi nilijiona mjinga kabisa. Niliyoyajua yote yakawa kama nguo za marehemu: nzuri, lakini nani azivae? Kwa hiyo waliposema wanatafuta vijana waliosoma kidogo misheni na wenye miguu mizuri, nikaenda. Sikwenda kwa moyo wa kusaidia watu, msije mkaandika hivyo siku ya mazishi yangu. Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kukaa mlangoni pamoja na baba.

Kizuizi kilikuwa nguzo iliyolazwa barabarani, na kando yake kibanda kirefu cha giza chenye mlango huku na huku. Kila mpita njia alisimama hapo: mwenye baiskeli, mwenye mbuzi, Mwarabu na gari lake. Tulimgeuzageuza tukitafuta mbung'o aliyepanda bila nauli. Siku ya kwanza walinipa kaptula, wavu mdogo wa mkono na kichupa. Nilikuwa nimefunga viazi vyangu kwenye kitambaa. Mtu mfupi mwenye kifua kipana, wa rika la baba, akatoka kibandani, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi Mnyamwezi. Papo hapo akanipokonya viazi, akaketi, akaanza kula.

"Kaa chini, mzigo wa watu," akasema na mdomo umejaa. "Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka kwetu, akarudi na shanga moja. Nayo akaipoteza njiani."

Hapo nikajua kumbe ni Mzaramo. Wazaramo na sisi ni watani tangu zama za misafara. Babu zetu walikuwa wakipita kwao, na hawa waliwazika wale waliofia njiani, na wale waliwalisha hawa. Mtani hukutukana, hukunyang'anya chakula, na huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kumjibu. Nikamjibu kwamba babu yake yeye hakubeba kitu maisha yake yote, alikaa tu njiani na mkono wazi akidai hongo, na naona hiyo ndiyo kazi aliyoirithi mjukuu. Bwana Kondo akaacha kutafuna. Akanitazama, akacheka mpaka viazi vikampalia. Nilikuwa sijacheka tangu tuezue paa letu.

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alikuja bara na reli, akajifunza kupima damu hospitali ya Tabora, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata watoto walichelewa kulia. Alinifundisha kwamba mbung'o akitua hufunga mabawa, moja juu ya lingine, kama mkasi. Inzi wa kawaida huyaacha wazi. Alinifundisha nisimpige kofi, maana hafi, bali nimfunike na wavu kwa taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Nianze chini ya tandiko la baiskeli, kisha mgongoni kwa mwenye baiskeli, na mwisho mgongoni kwangu mwenyewe. Tulipokwenda kuwahesabu mbung'o msituni tulitembea wawili wawili tukinyoosha kitambaa cheusi katikati yetu, nao wakaja wenyewe. Mbung'o anapenda kitu cheusi kinachotembea. Ndiyo maana tulikuwa tukiumwa kuliko kitambaa.

Lakini sehemu ngumu haikuwa mbung'o. Ilikuwa watu. Kila juma tulikwenda kwenye makazi, watu wakapanga mstari, tukawashika shingo kutafuta mitoki, vile vivimbe vya malale, na kuwatoboa kidole kupata tone la damu. Mimi ni mtoto wa pale. Nitamshikaje shingo mzee aliyenipa jina? Wengine walitema mate nikipita. "Ndiye anayetufungia njia huyo," walisema, "na baba yake anakufa kwa kihoro." Ilikuwa kweli, ndiyo sababu iliuma.

Siku moja mama mkwe wangu alikuwa mstarini. Nilikuwa nimemwoa Monika karibuni, na kwetu mkwe hatazamwi usoni, sembuse kushikwa shingo. Mama aliponiona nimekaa na sindano, akajifunika kanga kichwa kizima, akageuka aondoke. Mstari wote ukageuka naye. Nami ningefanya nini? Nikasimama pale na sindano yangu kama mtu aliyekuja harusini na jeneza.

Bwana Kondo akanisukuma kando. "Pisha, mzigo! Bibi harusi wangu huyu!" akapaza sauti. "Mahari nimelipa kwa chumvi ya pwani, gunia zima, mbona unanikimbia, mke wangu?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe naye akasimama. Hakuna Mnyamwezi anayeweza kumwachia Mzaramo neno la mwisho. "Mume gani wewe," akasema ndani ya kanga, "mikono inanuka papa! Kanawe kwanza."

Bwana Kondo akanawa kweli, mbele ya watu, akisugua kucha moja moja na kulalamika kwamba wake wa bara ni wasumbufu. Kisha akamshika shingo na kumtoboa kidole. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, natazama mtama wa watu. Mstari ukarudi. Tangu siku ile akawa ndiye anayetangulia kila mahali, anatukana na kutukanwa, na nyuma yake damu inapatikana. Daktari Mzungu aliyekuja kutukagua kila mwezi alishangaa kwamba kwetu watu hawatoroki. Akaelezwa habari za utani, akaziandika. Nadhani alikuwa na fahari kidogo kwamba amezielewa.

Nikazoea kazi. Mtu huzoea hata kiatu kinachombana. Jioni nilikwenda kwa baba nikimwigizia matusi ya Bwana Kondo, na mara moja moja baba alicheka.

Mvua zilipoisha mwaka wa tatu, Bwana Kondo alishikwa na homa. Akanywa kwinini, akapata nafuu, homa ikarudi. Nani hana homa Kaliua? Alikuwa akilalamika kichwa. Kisha utani wake ukawa mkali. Alichukua kuku wa karani, akamchinja mlangoni kwa karani mwenyewe. Tukacheka. Alimvuta mzee mmoja ndevu kizuizini mpaka mzee akatoa machozi. Mzee akacheka pia, maana afanyeje, mtani ni mtani. Alimmwagia maji mwanamke aliyebeba mtoto. Nikamwambia, "Bwana Kondo, hapo umezidi." Akanijibu tusi ambalo siliandiki, akaingia kibandani kabla sijafungua kinywa.

Sisi wapimaji tulikuwa tukipimana damu kila mwezi, hiyo ilikuwa sheria. Lakini Bwana Kondo ndiye aliyekuwa akitupima. Yeye mwenyewe ukimwendea na sindano alikwambia damu ya pwani ina chumvi, mbung'o akiionja anakufa kwa kiu. Miaka yote ilikuwa hivyo, naye baada ya maneno hayo alinyoosha kidole. Sasa alisema maneno yale yale, na kidole hakunyoosha. Wenzangu wakacheka kama kawaida, wakaendelea na kazi.

Aliyeona alikuwa mama mkwe. Kwangu hawezi kusema, kwa hiyo akamtuma Monika.

"Mama anasema mumtazame mtani wenu," Monika akaniambia.

"Ana nini?"

"Anasema zamani alikuwa akitukana, kisha anangoja ajibiwe. Siku hizi hangoji."

Nilikuwa nimeinua tonge, nikalirudisha sahanini. Ilikuwa kweli. Utani ni watu wawili. Yeye alikuwa amebaki peke yake tangu lini? Nami nilikuwa nimefundishwa kwamba malale huharibu akili ya mtu kabla hayajamlaza. Kesho yake asubuhi nilikwenda na sindano na kioo cha kupimia, nikamwomba damu. Akatukana. Nikamwomba tena kwa heshima, nikamwita mwalimu wangu. Akachukua fimbo ya kuinulia nguzo akanipiga nayo begani, na wapita njia waliokuwa wakingoja na baiskeli zao wakashangilia. "Mpe, Mzaramo! Mpe!" Niliwaambia huyu mtu ni mgonjwa. Wakazidi kucheka, wakadhani hilo ndilo jibu langu la utani.

Nikajifariji kwamba daktari anakuja juma lile, na kwa daktari hakuna utani. Daktari akaja, akakaa kwenye kiti cha turubai, akawasha kiko. Nilikuwa nimesimama nyuma yake natafuta maneno ya kumwambia. Bwana Kondo akaja moja kwa moja, akakichomoa kiko kinywani mwa Mzungu, akakitia kinywani mwake. Mzungu akawa mwekundu. Kisha uso wake ukafunguka, akanyoosha kidole kama mwanafunzi aliyepata jibu. "Aha!" akasema. "Utani!" Akacheka sana, akatugeukia tumuunge mkono, nasi tukamuunga mkono. Nilipomfuata garini kumwambia kwamba Bwana Kondo anaumwa, akanipiga bega lile lile lenye uvimbe akasema mimi pia ni mtani hodari.

Mpaka leo sijakisahau kicheko kile. Nimekaa na wataalamu wengi tangu wakati ule, na sijapata kuona watu wengi wenye akili wakipofushwa na kitu chema namna ile. Utani ule ulikuwa umetutoa katika huzuni ya kuhama. Ulikuwa umewapanga watu mstari bila kiboko. Sasa ulikuwa umemfunika yeye, na kila alipozidi kuharibika ndivyo watu walivyozidi kumpenda.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja nilimkuta amesimama katikati ya barabara, wavu mkononi, kidevu kifuani. Nilidhani anachungulia kitu chini. Nilipomkaribia niliona mbung'o ametua shingoni mwake, amekwisha kuvimba tumbo kwa damu, na Bwana Kondo hajui. Alikuwa amelala wima. Wenzangu wawili wakaja mbio, mmoja akaanza kusema Mzaramo amekesha ngomani, akakatiza mwenyewe.

Tukamlaza kwenye jamvi. Nikamtoboa kidole kile alichokuwa akininyima. Hakustuka. Nikapaka damu kwenye kioo jinsi alivyonifundisha, nyembamba, bila kuminya, nikaiweka chini ya hadubini yake. Alikuwa amenifundisha kuvitafuta vile vijidudu kwa subira, mstari kwa mstari, nisikate tamaa upesi. Mara hii subira haikuhitajika. Vilikuwa vinajinyonganyonga kila nilipotazama. Nikatoka nje nikalia mbele ya wenye baiskeli, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tulimpeleka stesheni ya Kaliua kwa machela, naye akapelekwa Tabora. Kule walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakamchoma sindano za dawa kali, ile yenye sumu ndani yake. Waliorudi kutoka hospitali walituambia mara anapiga kelele, mara halali kabisa, mara analishwa kama mtoto. Kisha tukasikia kwamba hafi.

Huku nyuma nilipewa hadubini yake. Nilirithi kila kitu chake isipokuwa kile kilichokuwa kikifanya kazi. Mimi si mtani wa watu wangu mwenyewe. Mimi ni mtoto wao, mkwe wao, jirani yao. Mstari ulipungua kila juma. Nilijaribu kutisha, nikaonekana mjinga. Nilijaribu kubembeleza, wakanihurumia, na huruma haitoi damu. Vijana mnaosoma haya, siku mtakayopewa kiti cha mtu aliyependwa mtanielewa. Msijaribu kukikalia kama alivyokuwa akikikalia yeye.

Tena aliyenivusha alikuwa mama mkwe. Alimtuma Monika aniambie nisimamishe jamvi mlangoni kwake na kulitoboa tundu. Yeye akasimama upande wa ndani, mimi upande wa nje. Kidole chake kikatoka tunduni. Nikakitoboa, nikachukua damu, kidole kikarudi. Shingo akashikwa na Monika, ambaye nilimfundisha namna ya kutafuta mitoki, akaniambia alichogusa. Juma lililofuata wakwe wengine wote walitaka jamvi, kisha wazee, kisha hata watu ambao hawanihusu. Nilikuwa nakaa na msitu wa vidole vinavyotoka kwenye majamvi. Wakaguzi wa baadaye waliponiuliza njia hiyo niliisoma wapi, niliwaonyesha mlango wa mama mkwe. Hakukuwa na kicheko katika njia yangu. Ilikuwa kazi tu, kimya, lakini damu ilipatikana.

Msimu wa kuvuna ulipokwisha, habari ikaja kwamba Bwana Kondo amepona na anarudishwa kwao pwani. Nikaomba ruhusa, nikapanda treni kwenda Tabora kumsindikiza. Njiani nilikuwa nachagua matusi. Nilijua hataruhusiwa tena kufanya kazi, nilijua amedhoofika. Sikujali. Nilitaka kitu kimoja tu, kumsikia akinijibu mara moja kabla treni ya pwani haijamchukua, ili nijue kwamba mtu niliyempeleka stesheni kwa machela ndiye waliyenirudishia.

Nilimkuta asubuhi kwenye benchi la stesheni, mtumishi wa hospitali yuko kando yake. Alikuwa amenenepa kidogo, kanzu safi, furushi lake mapajani. Macho yake yalikuwa makavu na mazima. Yalinitazama nilipokuwa nakuja, nami nikaongeza mwendo.

"Ameponaje?" nikamwuliza mtumishi.

"Damu safi, uti safi," akasema. "Na mpole, hana shida na mtu. Tumempenda sana."

Nikamsimamia mbele, mikono kiunoni, nikapaza sauti jukwaa zima lisikie. "We Mzaramo! Nani kakwambia treni hii ina behewa lenu? Ondoka kwenye benchi la watu, kapande na mbuzi wenzio!"

Abiria wakageuka. Wakatabasamu, maana walijua, wakanyamaza kungoja lake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifunga mkungu wa ndizi aliacha kufunga.

Bwana Kondo akasimama. Alisimama upesi, kama mtu aliyeshtukizwa akifanya kosa. Akalisogeza furushi lake ili nipate nafasi ya kukaa. Kisha akaweka mikono yake pamoja, akainamisha kichwa mbele yangu mimi, kijana wa kumzaa.

"Shikamoo, bwana," akasema.

Nilingoja. Nilidhani ndio mwanzo wa jambo, kwamba atainua uso sasa hivi na kunimaliza mbele ya watu. Abiria nao walingoja, halafu mmoja mmoja wakageuka kando. Hakuinua uso. Alikuwa bado amesimama, kichwa chini, mikono pamoja, na nikaona kwamba hataketi mpaka aitikiwe.

"Marahaba," nikamwambia.

Ndipo akaketi.